Breki za Ubongo

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme wa chumvi, na potasiamu ndiyo huuzima kila unapowaka. Mpangilio huo ukivurugika, mtu huanguka kifafa. Nchini Burundi maradhi haya yana uhusiano mkubwa na vyoo, nguruwe na rafu za duka la dawa.

Msafiri anayekuja Bujumbura kwa barabara ya RN1, akishavuka Bugarama, huanza kupishana na waendesha baiskeli wa ndizi. Mikungu imefungwa nyuma na ubavuni mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Kutoka baridi ya zaidi ya mita 2,000 wanateremka hadi joto la kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia nzima ni kona juu ya kona. Wakati wa kupanda wengi hujishikiza nyuma ya malori. Wakati wa kushuka hawana haja hata ya kukanyaga pedali. Mlima unawapa mwendo bure. Ujuzi wao uko kwenye breki, na anayechelewa kuzibana kwenye kona moja tu anaweza asiufikishe mzigo sokoni.

Seli za ubongo nazo zinaishi kwenye mteremko. Kuwasha umeme ndani yake ni jambo jepesi. Kuuzima kwa wakati wake, mamia ya mara kwa sekunde katika baadhi ya seli, ndiko kunakohitaji ufundi, na kazi hiyo imekabidhiwa kwa protini zilizotoboka katikati ambazo wanasayansi huziita chaneli za potasiamu. Fikra, kumbukumbu, usikivu wa sikio na utulivu wa mkono unaoshika kalamu vyote vinazitegemea. Zikilegea, ubongo huwaka bila kipimo, na watu wa nyumbani huona mtu akianguka, akikakamaa na kutetemeka.

Umeme wa chumvi

Umeme wa nyumbani ni elektroni zinazopita kwenye waya. Umeme wa ubongo ni ioni, yaani atomi zenye chaji, zinazovuka utando wa seli. Ndani ya seli ya neva potasiamu imejaa, takribani milimoli 140 kwa lita, ilhali katika majimaji yanayoizunguka ziko milimoli 3 au 4 tu. Sodiamu, hiyohiyo iliyomo kwenye chumvi ya mezani, imepangwa kinyume: nje nyingi, ndani kidogo.

Tofauti hiyo haijileti. Kwenye utando kuna pampu ya protini ambayo kila inapofanya mzunguko mmoja hutoa ioni 3 za sodiamu nje na kuingiza ioni 2 za potasiamu ndani, na gharama yake hulipwa kwa nishati ya chakula tunachokula. Jens Skou wa Denmark aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Sehemu kubwa ya nishati hiyo inatumika kuutunza mteremko huu wa chumvi.

Seli ikiwa imetulia, baadhi ya chaneli zake za potasiamu huwa wazi. Ioni chache hutoka nje zikiondoka na chaji chanya, na ndani hubaki hasi kwa takribani milivolti 70. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba utando wenyewe una unene wa nanomita 5 hivi. Piga hesabu, utapata nguvu ya volti milioni 14 kwa kila mita.

Ujumbe ukifika kutoka seli jirani, ule uhasi hupungua kidogo. Ukipungua hadi kiwango fulani, chaneli za sodiamu hufunguka kwa pamoja, sodiamu huporomoka ndani, na kwa muda usiofika milisekunde moja upande wa ndani unageuka kuwa chanya. Hilo ndilo pigo la umeme ambalo husafiri kwenye neva hadi mwisho wake.

Lingeachwa hapo, seli ingebaki imewaka. Mambo mawili huiokoa. Kwanza, chaneli za sodiamu hujifunga zenyewe muda mfupi baada ya kufunguka. Pili, chaneli za potasiamu, ambazo zilihisi mabadiliko yaleyale lakini huchelewa kidogo kuitikia, sasa zinafunguka. Potasiamu inatoka, chaji chanya inaondoka nayo, na seli inarudi kwenye utulivu wake, mara nyingi ikizama chini zaidi ya hapo kwa kitambo kabla ya kuwa tayari tena.

Kuchelewa huko kuna maana kubwa. Kama potasiamu ingetoka wakati uleule sodiamu inapoingia, pigo lisingezaliwa. Ikichelewa kupita kiasi, pigo linarefuka, kalisi nyingi inaingia kwenye ncha ya neva, na seli inayofuata inamwagiwa kemikali za ujumbe kuliko inavyostahili. Tofauti ya sehemu ndogo ya milisekunde inatosha kubadilisha ujumbe.

Binadamu ana zaidi ya jeni 70 za kutengeneza chaneli za potasiamu, na kila seli ya neva huchagua mchanganyiko wake. Aina iitwayo Kv3 hufunguka na kufunga upesi mno. Ndiyo inayoziwezesha seli za njia ya usikivu kupiga mamia ya mara kwa sekunde bila kuchanganya sauti. Aina nyingine husubiri kalisi irundikane ndani ya seli baada ya mapigo kadhaa, ndipo zifunguke na kulazimisha pumziko. Nyingine, Kv7, hufunguka taratibu na kubaki wazi, zikihakikisha kwamba kichocheo kidogo hakizai mfululizo wa mapigo. Mkondo wa Kv7 ulielezwa mwaka 1980 na David Brown na Paul Adams waliokuwa wakichunguza neva za chura. Ndiyo maana seli mbili zikipewa kichocheo kilekile, moja inaweza kujibu kwa pigo moja na kunyamaza, nyingine ikapiga kwa mwendo sawa, na nyingine ikapiga kwa mafungu yenye vituo katikati.

Chaneli hizi haziko kwenye ubongo peke yake. Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamaidi anafunga chaneli za potasiamu katika seli za kongosho lake, na kwa kufungwa huko insulini inatoka. Wengi wa wasomaji wa makala hii wana ndugu au jirani anayecheza na chaneli hizi kila asubuhi kabla ya chai.

Kutoka kwa ngisi hadi bakteria

Maarifa haya yalianza baharini. Ngisi ana neva nene inayoweza kufika unene wa milimita moja, kubwa kiasi cha kupenyezwa waya ndani yake. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliitumia katika maabara ya Plymouth, na mwaka 1952 walichapisha mfululizo wa makala ulioeleza pigo la umeme kwa milinganyo ya hisabati: sodiamu inaingia, potasiamu inatoka baadaye. Huxley alizifanya hesabu hizo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Walishirikiana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963 na John Eccles wa Australia, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa ameiona chaneli yenyewe.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa nzi wadogo wa matunda. Kuna ukoo wa nzi ambao wakilazwa kwa dawa ya usingizi miguu yao hutetemeka, na wachunguzi waliupa jina la Shaker. Mwaka 1987 maabara ya Lily Jan na Yuh Nung Jan huko San Francisco ilipata jeni iliyoharibika katika nzi hao. Ilikuwa jeni ya chaneli ya potasiamu, ya kwanza kusomwa herufi kwa herufi.

Lilibaki swali lililowasumbua wanakemia. Ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Sasa inakuwaje chaneli ya potasiamu ipitishe iliyo kubwa na kuizuia iliyo ndogo? Roderick MacKinnon alijibu mwaka 1998 kwa kuipiga picha ya eksirei chaneli ya bakteria. Kwenye sehemu nyembamba kabisa ya tundu kuna atomi za oksijeni zilizopangwa kwa umbali unaoitosha potasiamu barabara. Ioni ikivuliwa maji yanayoizunguka, oksijeni hizo huchukua nafasi ya maji hayo, na hivyo kupita hakuigharimu chochote. Sodiamu kwa udogo wake haizifikii oksijeni zote kwa pamoja, kwa hiyo kwake kuvua maji ni hasara, na inabaki nje. Chaneli hupitisha potasiamu angalau mara 10,000 zaidi ya sodiamu, na kasi yake inaweza kukaribia ioni milioni 100 kwa sekunde. MacKinnon alipata Nobel ya kemia mwaka 2003.

Sumu ya mwambao, samaki wa ziwani

Afrika Mashariki ilichangia kwa njia yake. Katika miembe na mikorosho ya mwambao wa Kenya na Tanzania anaishi nyoka wa kijani aitwaye kitaalamu Dendroaspis angusticeps, jamaa wa koboko. Mwaka 1980 Alan Harvey na Evert Karlsson walitangaza kwamba wametenga kutoka kwenye sumu yake protini ndogo waliyoiita dendrotoksini. Baadaye ilithibitika kwamba protini hiyo huziba chaneli za potasiamu za kundi la Kv1, ambazo kazi yake ni kufupisha mapigo na kuizuia neva isipige ovyo. Zikizibwa, neva hutoa ujumbe kupita kiasi na misuli inarukaruka.

Kwa aliyeumwa na nyoka hiyo ni balaa. Kwa mtafiti ilikuwa nyenzo adimu, kwani dendrotoksini hushika kundi hilo la chaneli na kuyaacha mengine mengi. Kwa kuitumia, maabara za Ulaya ziliweza kutenga chaneli za Kv1 kutoka kwenye ubongo na kuzichunguza. Ilionekana pia kwamba sumu hiyo ikiwekwa moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya, panya anapata kifafa. Ushahidi ulikuwa wazi: ubongo mzima, wenye afya, unahitaji tu kunyimwa aina moja ya breki ili uanze kuwaka bila mpango.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na Bujumbura. Katika mito ya ukanda huu na katika Ziwa Tanganyika wapo samaki wa ukoo wa domodomo. Wanatoa umeme hafifu ambao mvuvi hausikii mkononi, lakini wao huutumia kutafuta njia gizani na kutambuana. Katika spishi nyingi kila pigo la umeme huo halifiki hata milisekunde moja. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa pamoja na Harold Zakon wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha siri ya ufupi huo: jeni moja ya chaneli ya potasiamu, Kv1.7a, imebadilika katika ukoo huu wa samaki wa Afrika, na viungo vyenye chaji hasi vimeongezeka karibu na sehemu ya chaneli inayohisi volti. Kwa hiyo chaneli inafunguka mapema, na pigo linakatwa upesi.

Samaki hawa hulipa gharama ya maisha ya namna hiyo. Kwa spishi mojawapo, Gnathonemus petersii, kipimo cha mwaka 1996 kilionyesha kwamba ubongo wake hutumia takribani asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Binadamu anayejivunia akili zake yuko kwenye 20.

Breki zinapolegea

Mwaka 1998 timu kadhaa za utafiti zilitangaza kwa wakati mmoja chanzo cha aina fulani ya degedege la watoto wachanga linalorithiwa katika familia. Mtoto huzaliwa mzima, siku chache baadaye anaanza kupata mishtuko, na mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya miezi. Tatizo lilikuwa kwenye jeni za KCNQ2 na KCNQ3, zile zinazotengeneza chaneli za Kv7. Baadaye ikajulikana kwamba mabadiliko mengine ya KCNQ2 huleta ugonjwa mkali zaidi unaodumaza ukuaji wa akili ya mtoto.

Familia za namna hiyo ni chache. Hata hivyo, potasiamu inahusika katika kifafa cha kila mtu, awe amerithi kasoro au la, na sababu yake ni rahisi kuifuata. Kila pigo la umeme huacha potasiamu kidogo nje ya seli. Kwa kawaida seli zinazozihudumia seli za neva, zenye umbo la nyota, huifyonza kupitia chaneli zao wenyewe na kuisambaza mbali. Wakati wa kifafa maelfu kwa maelfu ya seli hupiga kwa pamoja, na potasiamu ya nje hupanda kutoka milimoli 3 hadi 10 au 12. Sasa ule mteremko unaoisukuma potasiamu kutoka ndani kwenda nje umepungua. Chaneli zipo na ziko wazi, lakini breki hazishiki. Mapigo yanaongezeka, potasiamu inazidi kurundikana, na seli za jirani nazo zinavutwa. Mara nyingi mshtuko hukoma wenyewe ndani ya dakika chache, pampu zikishika kasi na seli zikichoka. Ukipita dakika 5, hiyo ni dharura ya hospitali.

Kiremba na mnyoo wa nguruwe

Nani anaharibu breki hizi nchini Burundi? Jibu lenye uzito lilitoka Kiremba, katika eneo la Ngozi kaskazini mwa nchi. Utafiti wa Nsengiyumva na wenzake, uliofanywa kwa ushirikiano na watafiti wa Limoges nchini Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la Epilepsia, ulilinganisha zaidi ya wagonjwa 300 wa kifafa, intandara kwa Kirundi, na watu wasio nacho. Waliokuwa na alama za maambukizi ya tegu wa nguruwe, Taenia solium, walikuwa na uwezekano wa kuwa na kifafa karibu mara nne ya wengine.

Mzunguko wa mnyoo huyu unahitaji kuelezwa bila haya. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye viluwiluwi, anapata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, viluwiluwi vinaingia kwenye nyama yake. Lakini mayai yakimezwa na binadamu, kwa mikono isiyooshwa, kwa maji au kwa mboga iliyopata uchafu, viluwiluwi huingia kwenye damu yake na baadhi hufika ubongoni. Huko vinaweza kukaa kimya kwa miaka. Vinapoanza kufa mwili huvishambulia, na uvimbe huo ndio huzaa mishtuko. Katika eneo la ubongo lililojeruhiwa hivyo, zile seli zenye umbo la nyota hupunguza chaneli za kufyonza potasiamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameonyesha vilevile kwamba viluwiluwi vyenyewe vina glutameti, kemikali ambayo seli za neva huitumia kuamshana.

Hapo msomaji wa mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, anayeswali swala tano na ambaye nguruwe haingii nyumbani kwake, anaweza kusema haya hayamhusu. Yanamhusu. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva ndiye hupata tegu. Anayeweza kupata kifafa ni yeyote aliyemeza mayai ya tegu, hata wa mtu mwingine. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wanne wa maradhi haya ya ubongo katika jamii ya Wayahudi wa Orthodox jijini New York, watu ambao nao hawagusi nguruwe. Chanzo kilichoshukiwa zaidi kilikuwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila kujijua. Lengalenga au saladi inayouzwa soko la Ruvumera haijui dini ya mnunuzi wala ya aliyejisaidia karibu na bustani ilikolimwa.

Mnyoo huyu hayuko peke yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania na Iganga nchini Uganda pamoja na maeneo ya Ghana na Afrika Kusini, ulihusisha kifafa na matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea mbalimbali. Malaria kali inayopanda kichwani huwaachia baadhi ya watoto kifafa cha maisha. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliwahudumia wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya 1960, na eneo hilo limeendelea kuchunguzwa kwa uhusiano wa kifafa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Njia ni nyingi, lakini zote huishia mahali pamoja: kundi la seli zinazowaka kirahisi na kuzimika kwa shida.

Basi tule ndizi?

Ndizi ina potasiamu, miligramu 360 hivi kwa kila gramu 100, na waendesha baiskeli wa Bugarama hushusha potasiamu kwa magunia kila siku bila kuiita hivyo. Maharagwe yanayopikwa karibu kila nyumba ya Burundi yanayo, sombe inayo, viazi vinayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na inafaa kwa shinikizo la damu.

Hata hivyo ndizi haitibu kifafa wala haikileti. Figo hupima potasiamu ya damu na kuitunza kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, ziada ikitoka na mkojo. Juu ya hapo, kuta za mishipa ya damu ya ubongo huzuia kupanda na kushuka kwa potasiamu ya damu kusiufikie ubongo moja kwa moja. Ni mtu mwenye figo zilizoharibika ndiye anayepaswa kuambiwa na daktari wake ale kiasi gani.

Kupoteza potasiamu ndiko kwenye hatari ya haraka zaidi, na hatari hiyo huangukia misuli na moyo. Burundi ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu mwanzoni mwa Januari 2023, wagonjwa wa kwanza wakiwa Bujumbura, pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini zilikuwa na kazi mbili: kurudisha maji na kurudisha potasiamu. Kila lita ya mchanganyiko huo ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, iliyowekwa makusudi kufidia inayotoka na kuhara. Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani husaidia kumfikisha mgonjwa kituoni, lakini hayana sehemu hiyo.

Dawa ya mwaka 1912

Kwa kuwa Kv7 ni breki, wanasayansi walitafuta dawa ya kuifungua zaidi, na wakaipata. Retigabini iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2011. Ilifanya kazi, lakini baadhi ya walioitumia, ngozi zao na sehemu za ndani ya jicho ziligeuka rangi, na mwaka 2017 ikaondolewa sokoni. Dawa mpya ya njia hiyohiyo, azetukalner, imefika hatua za mwisho za majaribio.

Ni habari njema, ila mgonjwa wa mitaa ya Kamenge au Kinama jijini Bujumbura hana sababu ya kuisubiri. Fenobabitali ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, Alfred Hauptmann alipogundua kwamba wagonjwa aliowapa ili walale waliacha kuanguka. Haigusi potasiamu, inaimarisha chaneli za kloridi, ambazo ni breki nyingine ya seli zilezile. Kabamazepini nayo hupunguza kasi ya chaneli za sodiamu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 50 hivi wana kifafa, hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakitibiwa sawasawa, na dawa za msingi zinaweza kugharimu dola 5 za Marekani kwa mwaka. Bado katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu.

Kinachowazuia si bei peke yake. Wengine hupelekwa kwanza kwa waganga wa mizimu au kwenye maombi ya kutoa pepo, na miaka hupita. Wengine huachwa waungue motoni kwa sababu majirani wanaamini mate yao yanaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kugusana, wala kwa kula sahani moja. Anayeanguka alazwe ubavu akishatulia, aondolewe karibu na moto na maji, alegezewe nguo shingoni, wala asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Kisha apelekwe kwa wanaojua. Bujumbura kipo Kituo cha Magonjwa ya Akili na Neva cha Kamenge kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na ipo hospitali ya chuo kikuu mtaa huohuo.

Liko pia jambo ambalo familia nyingi haziambiwi kwa uzito unaostahili: dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Seli zilizozoea kuzuiwa na fenobabitali, zikinyimwa kwa siku chache, zinaweza kulipuka kwa mishtuko isiyokoma, mibaya kuliko ya mwanzo. Mgonjwa aliyekosa dozi kwa sababu duka limeishiwa yuko hatarini zaidi kuliko alivyodhani alipoanza kupona.

Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zimekubaliana mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya neva wa mwaka 2022 hadi 2031, na tegu wa nguruwe yumo kwenye orodha ya maradhi yaliyosahauliwa yanayopaswa kudhibitiwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mtu anayeijua Kv7: vyoo vinavyotumika, nguruwe wanaofugwa bandani, nyama inayokaguliwa na kuiva, wajawazito wanaozalia mikononi mwa wakunga, watoto wanaolala ndani ya chandarua. Anayetaka kujua kama mpango huo umefika Burundi aende kwenye kituo cha afya cha tarafa siku za mwisho wa mwezi, aulize kama fenobabitali ipo.